Kinga ya Kifaransa ya Baba

Niliikuta kinga ya baba ikiwa mifupa juu ya jiko la marehemu mama, mwaka niliporudi nyumbani na mtoto wa miezi minne mgongoni. Kinga ndivyo tunavyoita baisikeli huku Kasongo. Mume wangu alikuwa ameenda Salamabila kuchimba dhahabu. Alisema mwezi mmoja. Mwezi wa saba tangu aondoke, mwendesha pikipiki mmoja akasimama mbele yangu barabarani, wala hakuzima mashine, akaniambia: "Mama, usimungojee tena. Iko na bibi kule, na tumbo yake iko mbele." Nikakunja nguo zangu nikarudi kwa baba. Juu ya mwanaume huyo sitasema zaidi. Ninaheshimu karatasi hii ninayoandikia.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu bila kupumzika, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Alikuwa anatofautisha mchana na kivuli, basi. Kinga aliipata ujanani kwa mwalimu mmoja Mfaransa aliyefundisha hesabu hapa na kumwachia siku alipoondoka. Wakati wa vita, watu wenye bunduki walikuwa wanachukua kila kinga wanayoiona, na mwenye kinga wanamchukua pia ili awasukumie mizigo msituni. Wengi hawakurudi. Kwa hiyo baba aliifungua yake yote, kipande kwa kipande. Kadre, ule mwili wa mabomba, aliipaka mawese na masizi akaitundika kwenye moshi wa jiko ionekane chuma kibovu. Vipande vingine alivitawanya kwa watu. Gurudumu la mbele kwa katekista, la nyuma kwa dada yake Kabambare, usukani kwa jirani, pedali na mhimili wake, mnyororo na dinamo ya taa kwenye mtungi chini ya kitanda. Vita ikapita, naye hakuvikusanya. Kwanza ilikuwa woga, halafu mshahara usiokuja, halafu macho.

Mimi nilianza kwa hasira tu. Mtoto amelala, sina kazi, diploma yangu imefungwa kwenye nailoni, nikaishusha ile kadre nikaisugua kwa limau na majivu kana kwamba ninamsugua mtu ninayemjua. Baba alikuwa amekaa mlangoni.

"Unasugua nini pale, mama?" Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Kinga yako."

Akageuza uso upande wangu: "Rangi gani inatoka?"

"Bluu."

"Bluu ya namna gani?"

"Baba, bluu ni bluu."

"Hapana. Angalia vizuri."

Nikaangalia. Nikamwambia ni bluu ya yai la ndege, lakini yai lililokaa kwenye kivuli. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu mama afe sikuwa nimemsikia akicheka. "Ni yenyewe," akasema. "Usiipake rangi ingine. Hata ikibaki na makovu."

Basi tukaanza kazi, mikono yangu na kichwa chake. Na nitasema wazi nilichokitaka, nisije nikaonekana mtakatifu. Nilitaka kinga ile iwe yangu. Zaidi ya hapo, nilitaka baba aseme kwa mdomo wake, watu wakisikia, kwamba ni yangu.

Kukusanya vipande kulichukua msimu mzima wa mvua. Katekista alitoa gurudumu siku ileile, limefungwa kwenye gunia, na spoki zake zote. Jirani alikuwa ameuzika usukani ardhini nusu, ule upinde umetokeza juu, na mbuzi wake amefungwa pale. "Mama, sasa mbuzi yangu itashika wapi?" akaniuliza. Nikamwambia ashike mti, kama mbuzi za watu wengine. Kabambare nilienda kwa pikipiki, na mtoto katikati yangu na dereva, nikakuta shangazi amelifanya gurudumu letu kuwa roda ya kisima. Kamba inapita ndani ya ukingo wa gurudumu, ndoo inashuka, ndoo inapanda. Mtaa mzima wanateka maji pale. Shangazi akanitazama.

"Umetoka Kasongo kuja kunyima watu maji?"

"Nimekuja kuchukua gurudumu ya baba, shangazi."

"Baba yako anaona?"

"Haoni."

"Sasa kinga ni ya nani?"

Nilikaa kwake siku tatu, nikamchongea roda ya mti mgumu, ikakubali, ndipo akalifungua gurudumu. Lakini swali lake nililibeba njia yote hadi nyumbani.

Kazi ngumu ilikuwa kufungua vikombe viwili vya chuma vinavyoshika mhimili wa pedali, vilivyogandia kwa kutu chini ya kadre. Nilikuwa sina ufunguo mkubwa, tukaenda kwa fundi wa karibu na soko. Fundi yule amekulia kwenye kinga za Kihindi, kama mafundi wote wa hapa. Kwenye za Kihindi kikombe cha upande wa mnyororo kinazungushwa kuume ili kifunguke, kinyume cha skrubu nyingine. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo. Akatia ufunguo, akazungusha kuume, kikakataa. Akachukua bomba refu la kuongeza nguvu.

Baba, juu ya kigoda chake, akasikia chuma kinalia. "Acha. Unakikaza."

"Mwalimu, hii kazi nimeifanya tangu sijaota ndevu."

"Ya Wafaransa inafunguliwa kushoto, pande zote mbili. Ukiongeza bomba utakula meno ya kadre, na meno hayo hayauzwi Kasongo, hayauzwi Kindu."

"Mwalimu, samahani, lakini weye hauoni."

"Sioni, lakini nasikia. Mupe binti yangu ufunguo."

Vijana waliokuwa wanangoja kuzibiwa mipira wakaanza kucheka. Nikamkabidhi mmoja mtoto wangu, nikashika ufunguo, nikazungusha kushoto. Mara ya kwanza hapakutoka kitu. Mara ya pili kikatoa mlio kama mtu anayeshtuka usingizini, kikaachia. Fundi akajikuna kichwa akasema, "Kumbe Mufaransa ni mutu mupole," na safari ile akacheka yeye na sisi wote.

Tairi za saizi ile hazipo huku. Tulikata tairi za kinga ya Kihindi, tukazifupisha, tukazishona kwa waya. Mnyororo tuliulaza kwenye petroli, tukaupaka oili chafu ya pikipiki. Dinamo baba aliifungua mwenyewe mapajani, akahesabu kila kisehemu kwa vidole, akakirudisha, nikazungusha gurudumu, taa ikawaka. Aliuliza kama inawaka. Nilimwambia inawaka. Akaomba niisogeze karibu na uso wake.

Kinga zile nyingine, za kubebea mizigo, mtu anazipanda kama anapanda punda. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa nyepesi, ukikanyaga inaitikia kabla hujamaliza kukanyaga. Kwenye mshono wa tairi iligonga kidogo, tok, tok, nikazoea. Jumapili nilimpakia baba nyuma, mtoto nimemfunga kifuani, tunaenda misa, sisi watatu. Wanawake wenye shamba njiani walikuwa hawatuachi bila utani.

"Mama mutoto, unapeleka wapi jerikani hiyo ya mawese?"

"Iko nzito," ninajibu, "na inaimba."

Baba alikuwa anaimba kweli. Siku nyingine tulitoka mbali kidogo kwenye njia ya Nyangwe, hatuna shida ya kitu chochote kule. Kwenye mteremko niliachilia freni. Akanishika kiuno akapiga kelele kama mwanafunzi. Tulipofika chini akasema, "Mama, sikufikiri nitaenda mbio tena kabla ya kufa." Siku ile nilihesabu kwamba ameshasema. Nilidhani maneno yale ndiyo yale niliyokuwa ninayangoja. Nilikuwa mjinga.

Mdogo wangu, mtoto mwanaume pekee wa nyumba yetu, alirudi kiangazi kilichofuata. Miaka minne alikuwa Salamabila. Hakutuma hata kipande cha sabuni mama alipokuwa mgonjwa, na kwenye matanga alifika siku ya tatu. Akaiona kinga imeegemea ukuta. Akaizunguka, akabonyeza saruji, yaani kiti, akapiga kengele.

"Baba, hii inaweza kubeba mawese mpaka Kabambare," akasema. "Nikipata mzigo, hata mpaka Salamabila."

Hakuniuliza mimi. Jumapili ile baada ya misa baba aliwaita wazee wawili wa ukoo na jirani mwenye mbuzi. Nilidhani siku yangu imefika. Nilivaa kitambaa changu kizuri, ninaandika hili kwa aibu. Baba akasimama, akashika kiti cha kinga kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akalitafuta bega la mwanawe. Akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya kwetu, akasema: "Nilichokifungua kwa ajili ya vita kimekusanyika. Sasa kiende kwa mwenye nyumba."

Nilingoja walipoondoka.

"Baba, nani aliikusanya?"

"Ni weye, mama. Kila mutu anajua."

"Sasa?"

"Sasa yeye ni mutoto mwanaume. Weye uko wa watu. Kesho mume wako atakuja kukuchukua, ao mwingine, na kinga ya nyumba itaenda kwa watu wengine?"

"Mume wangu iko na bibi na mutoto kule. Hakuna mutu anakuja."

"Mama, usinifanye nipigane na desturi. Nimeshazeeka."

Alisema kwa upole. Angenipiga ningevumilia vizuri zaidi. Nilichukua bakuli lake nikampakulia chakula, kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpakulia.

Mdogo wangu hakuupenda wembamba wa kinga. Hapa, kinga ya mizigo inaongezwa bomba la pili juu ya lile la kwanza, na uma wa mbele unafungiwa nondo, vyote kwa kuchomelea. Kinga za Kihindi zinavumilia kwa sababu chuma chao ni kinene. Nilimfuata mpaka kwa mchomeleaji. Nilimwambia mabomba yale ni membamba kama ganda la konokono, yameunganishwa kwa shaba, moto ule utayaua.

"Yaya, wivu," akasema mbele ya watu, yaani dada yake mkubwa ana wivu.

"Muulize baba."

"Baba ameshanipa. Nitamuuliza nini tena?"

Na mimi, ningeweza kukimbia nyumbani kumwambia baba. Ni mwendo wa dakika kumi. Angepeleka neno, na neno lake mdogo wangu angelitii. Sikuenda. Nilisimama pale nikatazama cheche zinaruka juu ya ile bluu, na ndani yangu mtu fulani alikuwa anasema: acha iungue. Mtu huyo ni mimi.

Ilivumilia safari mbili. Ya tatu, kwenye kilima baada ya Kabambare, na jerikani nne za mawese, ikakatika palepale pembeni mwa mchomo. Mafuta yote yakamwagika. Aliirudisha kwa pikipiki, vipande viwili vimefungwa kwa mpira, akavitupa uani akaenda kulala.

Baba alisikia chuma kinaanguka. Akaniomba nimwongoze. Nikamkalisha chini karibu nayo. Vidole vyake vikaanza mbele, vikapita juu ya kichwa cha kadre, vikashuka kwenye bomba, vikafika kwenye mabonge ya moto. Vikasimama. Vikazunguka bonge moja, halafu la pili, polepole, kama mtu anayesoma herufi asizozijua.

"Hii ni nini?"

"Amechomelea."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akafika pale palipokatika. Akajikata kidole kidogo, hakukitoa. "Mama," akasema, "itapona?"

Haikuwa ya kupona, na alijua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Hakuwa anauliza habari za chuma, ila habari zetu sisi wawili. Leo ninaelewa, na pengine hata siku ile nilielewa, ndiyo maana nilichagua maneno yangu vizuri.

"Muulize mwenye kinga," nikasema.

Akaondoa mkono. Akaufuta damu kwenye suruali, akaomba nimrudishe kwenye kiti chake. Nilimrudisha. Aliishi miezi mitatu baada ya hapo. Nilimlisha, nilimwosha, nilimkatia kucha, tuliongea juu ya homa ya mtoto, juu ya mvua, juu ya mhogo. Misa tulienda kwa miguu, polepole, halafu tukaacha kwenda. Habari za kinga hakuzitaja tena. Nami niliona hazitaji, nikanyamaza, nikimngoja aanze yeye. Mimi ndiye mwenye macho kati yetu wawili, na nilikaa nikimngoja kipofu aje anitafute.

Watu wananiambia desturi ndiyo ilikosea, ao mdogo wangu, ao mume wangu. Sawa, wote wamekosa, na hasira yangu inawatosha wote, haijapungua. Lakini jibu lile hakuna desturi iliyonipa. Nililitoa mimi, kwa sauti ya kawaida, mtoto wangu akiwa mgongoni, na asubuhi aliyokufa bado lilikuwa neno la mwisho tulilosema juu ya ile kinga.