Unga wa Kokwa na Jina Lisilokuwamo

Jirani yetu wa hapa Bawshar, huku Uarabuni, yule daktari wa kemia, katangulia mbele ya haki. Khabari kaniletea mjukuu wangu asubuhi, nachambua mchele, nikauacha palepale. Wasomaji wangu mnanijua: mie niliishia chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli, Unguja, na haya naandikiwa na huyohuyo mjukuu. Lakini jina la mtu nikishalisikia halinitoki. Na katika safu hii sina ada ya kumtaja mtu. Leo mambo hayo mawili yananigombanisha.

Siku ya tatu ya matanga nilikaa na wanawake wenzangu. Sifa zilikuwa nyingi, na zote za hesabu: marehemu kaandika makala kadha wa kadha, wataalamu wa dunia nzima wamemtaja mara hizi na hizi. Dada yake akizitoa moja moja kama anavuta tasbihi. Sikatai, lakini sifa ya kuhesabika mie huitilia shaka. Nikamnong'oneza mjukuu, maana anasoma mambo hayohayo, anambie huko kutajwa ndiko nini. Akasema mtaalamu akiitumia kazi ya mwenzake humtaja, na mwenye kutajwa sana ndiye mkubwa. "Na wapo wanaojitaja wenyewe, Bibi. Na wapo wa nitaje nikutaje." Nikamwambia basi anifungulie kwenye simu ile makala kubwa ya marehemu, ya unga mweusi wa kokwa za tende unaosafisha maji, anisomee majina ya walioiandika tu. Akasoma matano. La tatu nikalisimamisha.

"Huyu si shemeji yake, anayeuza magari Wattaya?"

"Ndiye."

"Kachoma kokwa lini?"

Mjukuu akacheka ndani ya shela. Mie sikucheka. Nilikuwa nangojea jina jengine, na majina yakaisha.

Maana marehemu mwenyewe aliwahi kuja kwangu, akanywa kahawa, akanihadithia. Miezi mizima kokwa zao zilikuwa zikitoka tanurini majivu matupu. Mpaka mama mmoja wa Kenya, anayeosha vyombo vya maabara, akamwambia kwao wachoma makaa huziba kwa udongo, hewa isipenye. Akazitia kokwa ndani ya chungu, akakiziba mdomo kwa udongo mbichi, wakachoma. Zikatoka makaa, meusi yanang'aa. "Bibi, yule ndiye aliyenifungulia mlango," alinambia kwa kinywa chake. Hapakuwa na shahidi ila mie.

Na mama huyo alikuwepo matangani, akitugawia kahawa. Dada wa marehemu akasimama kama ilivyo ada, akamuombea nduguye radhi: mwenye kinyongo naye amsamehe. Tukasema sote tumesamehe. Yule mama naye akasema, tena haraka mno. Nikamvuta mkono akae, nikamuuliza kama anajua kuwa jina lake halimo.

"Najua, nyanya. Daktari aliniambia ataniweka kwa makala inayofuata. Sasa nimeomba kazi ya ufundi hapo maabara, wananiuliza nimewahi kufanya utafiti gani. Nikisema ule, nani ataniamini?"

Kinyozi hajinyoi; wa kumsemea ni mie. Nikamwita dada mtu pembeni, nikamwambia radhi yangu nimetoa, lakini ya huyu mmemuomba mbele za watu, na birika lenu mkononi mwake, angekataaje? Nikamhadithia na habari ya chungu. Akanitazama kama niliyemtukana maiti.

"Bibi, leo ndiyo siku ya kusema haya?"

"Siku nyengine mama huyu atakuwa keshasahauliwa."

Akarudi kwa wageni wake. Mpaka leo salamu zake kwangu fupi.

Labda marehemu alikusudia kweli hiyo makala inayofuata. Sijui, na aliyekufa haulizwi. Alikuwa jirani mwema, kila Ramadhani sahani yake ilifika kwangu kabla ya adhana, na Mungu amrehemu. Lakini nyinyi mlio hai, mkisikia mtu katajwa sana, ulizeni nani hakutajwa. Mara nyingi yumo humohumo, anakumimineni kahawa.

Nilimfuata yule mama kwake, nikamuomba ruhusa nivunje ada yangu. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema andika.

Anaitwa Nekesa. Chungu alikiziba yeye.