Kamba Iliyokunywa Maji Njiani Kwenda Mikumi

Ng'we-kacha, ng'we-kacha. Mpaka leo mlio ule nausikia. Ni springi za gari la Baba, gari la familia lenye mwili wa mbao juu ya chasisi ya lori. Baba alikuwa dereva wa shamba la mkonge Kilosa, na alilinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akirudi Ulaya, likiwa limechoka hoi.

Mwaka uliotangulia gari hilo lilimrusha Bibi, mama yake Mama, hadi kichwa kikagonga paa. Alirudi kwake Mikumi akiapa kwamba hatalipanda tena, hata akiletewa na gavana. Sasa dada yangu Tabia alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwetu jina hutolewa na Bibi akiwa amempakata mtoto. Siku zilikwenda, mtoto akiitwa "huyu" tu.

Basi Baba akaamua kulitibu gari kwa vitu vya bure. Aliongeza jani la springi, lile bapa refu la chuma, kutoka tela bovu la shambani, akakata vipande vya tairi kuukuu vya kuzuia vyuma visigongane. Mwisho akanipa kamba ya katani nizifunge springi zisichezecheze. Nikafunga kwa nguvu zangu zote, huku nikijiona dereva wa kwanza mwanamke Kilosa nzima.

Jumamosi alfajiri mimi na Baba tuliondoka kumfuata Bibi. Mpaka Zombo gari liliteleza kama linapita juu ya godoro. Nilikunywa chai bila kumwaga tone, Baba akapiga mluzi.

Baada ya Zombo tulivuka kijito, maji yakafika juu ya springi. Hatukwenda mbali, gari likaanza kuturusha kuliko zamani. Baba alisimama, akachungulia chini, akasema jani jipya limevunjika. Kumbe halikuwa limevunjika. Tuliendelea hivyo hivyo.

Saa nne tulifika Mikumi tukirukaruka, na Bibi amesimama uani anatutazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hilo mlilokuja nalo ni gari au beberu?"

Baba, kwa heshima ya mkwe, alitazama chini na kuniachia mimi maneno. Nikaeleza habari ya mtoto, kisha matengenezo yote. Bibi alilisogelea gari. Aliinama, akaminya kamba kwenye springi ya nyuma. Ujanani alianika katani shambani miaka mingi.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi, Bibi."

"Umeikaza kavu, halafu ukaipitisha mtoni na kiu yake. Imekunywa, imevimba, imebana chuma kisipumue. Mtu amekulia kwenye mkonge, hajui katani!"

Baba alicheka mpaka akasahau heshima. Mimi nilitamani kuingia chini ya gari nisitoke.

Bibi aliagiza kigoda na ndoo ya maji. Tulifungua kamba zote, tukaziloweka, tukazifunga upya zikiwa mbichi, naye akipima kila moja. Kidole kimoja kiingie kati ya kamba na chuma, alisema, kisipoingia fungua. Tulifungua mara nyingi. Ya mwisho ilipomridhisha, alikwenda ndani akatoka na kanga mbili na kapu la mayai.

"Sikubali gari lenu," aliniambia. "Nakwenda kuangalia kazi yangu."

Jumapili asubuhi tulirudi. Tulivuka kijito kile kile, nikashika kiti kwa mikono miwili. Gari likapanda ukingo taratibu. Nilipogeuka, Bibi alikuwa amelala, kapu mapajani.

Kilosa tulipofika alimpakata mtoto, akatishia kumwita Springi, kisha akampa jina la marehemu Babu. Tabia alilia, nami nikalia. Nilikuwa nimedhani kufunga vizuri ni kukaza.

Asubuhi iliyofuata, wote wakiwa na mtoto ndani, nilitambaa peke yangu chini ya gari nikajaribu springi zote nne. Kidole kiliingia.