Shoka la Kukata Upepo

Nilipokuwa mtoto, kazi ya kuukata upepo pale nyumbani ilikuwa yangu. Sikuichagua. Kaka zangu Asani na Useni walizaliwa mapacha, mimi nikawafuata, na kwetu Kindu, mashariki mwa Kongo, iliaminika kwamba mtoto anayefuata mapacha ana mkono ambao tufani huuheshimu. Basi mawingu yakianza kuwa meusi ng'ambo ya mto Lualaba, bibi yangu, aliyetulea sote watatu, aliniita mara moja tu, nami nikakimbilia shoka. Nilichimba kishimo katikati ya ua, nikachomeka mpini, makali yakaelekea mtoni. Kisha nilisimama kando yake bila kutamka neno mpaka upepo upite. Kimya ndicho kilichokuwa sharti. Ukisema, bibi alituambia, upepo unajua kwamba aliyesimama pale ni mtoto tu.

Niliringia kazi hiyo kupita kiasi. Kaka zangu walinishinda mbio, hesabu na kuogelea, lakini mvua kubwa ikitaka kuja waliacha utani wote na kunipisha njia.

Kisha vita vikafika. Treni ikaacha kuja, chumvi ikaadimika, na njia za kwenda msituni zikawa na watu wenye bunduki. Wanawake waliokwenda kutafuta kuni, baadhi yao hawakurudi. Tukaanza kuchoma kilichokuwa karibu. Kati ya nyumba yetu na mto tulikuwa na kichaka kikubwa cha mianzi na misafu mitano ya zamani, ile ambayo matunda yake tuliyalainisha kwenye maji ya moto na kuyala na mihogo. Bibi alisema ikatwe. Mjomba Ramazani akaikata yote katika msimu mmoja. Hakuna aliyebisha, maana chungu hakichemki kwa maneno, na mimi mwenyewe nilibeba matawi nikiimba.

Haikupita miezi mingi, alasiri moja bibi akaniita. Nilichomeka shoka vizuri, hilo naweza kuapa hadi leo. Lakini upepo ule ulitoka mtoni ukaingia uani moja kwa moja, na nikaona bati la paa la jiko likinyanyuka. Lilikuwa linamwendea mke wa mjomba, Mama Zaina, aliyekuwa ameinama akianua mihogo yake.

"Mama Zaina, lala chini!" nilipiga kelele.

Akajitupa matopeni. Bati likapita juu ya mgongo wake likajibamiza kwenye ukuta wa jirani. Mara paa la nyumba kubwa nalo likaondoka, na mvua ikamwagika ndani, juu ya magunia mawili ya mpunga wa mbegu.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa Mama Zaina. Uso ulikuwa umejaa matope, akaninyooshea kidole.

"Mutoto alisema! Nilimusikia na masikio yangu!"

Alinisikia kweli, ndiyo maana alikuwa hai wa kuninyooshea kidole. Lakini siku ile sikuwa na akili ya kujibu hivyo. Wote waligeuka kunitazama. Bibi peke yake alikuwa anatazama upande wa mto, pale ilipokuwa misafu. Nilimngoja aseme kitu. Akaokota shoka, akaingia nalo ndani.

Mpunga ulivimba, ukaota ndani ya magunia. Msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni, na bila mbegu hatungevuna kitu. Mjomba akaamua kwenda kwa miguu hadi Kibombo kuomba mbegu kwa ndugu, kwa barabara ile ile ambayo watu waliikwepa hata mchana. Hakuna aliyeniambia kwamba akiuawa nitakuwa nimemuua mimi. Haikuwa lazima kuniambia. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu nao waliuona mwepesi, wakaendelea na shughuli zao. Kila jioni nilikwenda barabarani kumtazamia.

Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, na nusu gunia kichwani. Nililia mpaka nikatapika. Watu walidhani ni furaha.

Bibi hakunipa tena shoka. Tufani zilizofuata alilichomeka mwenyewe, nami nikaambiwa niingie ndani na watoto wengine. Nilikua nikijua kwamba mkono wangu uliharibika siku ile.

Sasa mimi ni mwalimu katika mtaa wa Kasuku, hapa hapa Kindu. Mto unazidi kula ukingo. Ua wetu wa zamani ni maji, na nyumba zilizokuwa nyuma kabisa leo ndizo za kwanza. Miti inaisha kwa kuchomwa iwe makaa. Upepo ukichukua mabati ya jirani, wanafunzi huniuliza sababu, nami nawaeleza habari za miti inayokinga upepo na mizizi inayoshika udongo bila kusitasita. Ilinichukua miaka mingi kujielezea hayo mimi mwenyewe.

Mwaka aliofariki bibi, nilimuuliza hatimaye kama kosa lilikuwa langu.

"Bibi, ule upepo, njo miye niliuleta?"

"Weye? Hapana. Njo miye nilisema bakate miti. Nilijua siku ile ile."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Batu balikuwa na njaa na woga. Mutoto akikosa, banamugombeza, inaisha. Mwanamuke muzee akisema njo miye nilileta upepo, banamuita mulozi."

Hakuwa anatia chumvi. Msimu ule ule mjane mmoja wa karibu na kivuko aliitwa mchawi na kufukuzwa kwa mawe kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Bibi alikuwa na sisi watatu wa kulea, na mawe yangemfikia yeye. Nilimkasirikia siku mbili nzima, kisha nikarudi kumwosha miguu kama kawaida. Nilimsamehe, na ninasema kweli. Ila lawama ile haikuisha, ingawa yeye alidhani ingeisha. Niliishi nayo zaidi ya miaka ishirini. Nilimpenda bibi yangu kiasi kwamba ningekubali kuibeba, kama angeniomba.