Miguu ya Baba Mkwe

Miguu ya baba mkwe wangu naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Kidole kidogo cha kulia kimepanda juu ya mwenzake, visigino vimepasuka kwa matope ya mpunga, na kandambili moja imefungwa waya palipokatika ukanda. Sura yake siijui, ingawa tulikaa uwanja mmoja kule Ndandalo miaka kumi na moja.

Msinione mwendawazimu. Kwetu mwanamke hamtazami baba wa mume wake. Akipita unainama, ukikutana naye njiani unaingia migombani mpaka apite. Wenzangu wengi wameshaacha, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Mimi niliushika mwiko huo. Nikasifiwa, na sifa zikanilevya.

Jioni kazi zikiisha nilikaa barazani na daftari langu la kuchorea. Nilichora kakao iliyoanikwa mkekani, sufuria lenye masizi, kuku aliyelala kwenye ungo. Siku nyingine nilipiga picha kwa simu kwanza, nikachora baadaye. Saa ile ilikuwa yangu peke yangu, na niliipenda kuliko chakula. Mzee akitokea niligeuza simu upande, kwenye picha kikabaki kisigino tu au ncha ya fimbo.

Wakati wa mavuno yaliyopita alianza kuja kusimama karibu. Kivuli chake kiliangukia ukurasa wangu, kikakaa. Mimi kichwa chini, penseli mkononi, nanung'unika moyoni: mzee huyu hana pa kwenda, ananizibia mwanga. Mwishowe aligonga fimbo chini mara mbili, akaondoka.

Masika haya alikufa, homa ya siku tatu tu. Wifi yangu akanifuata jikoni, anatafuta picha yake ya kutangulia jeneza pamoja na msalaba. Albamu ilikuwa imeondoka na mafuriko, na kitambulisho cha mzee kililowa mpaka sura ikawa doa.

"Wewe si ndiye mpiga picha wetu," akasema. "Tutolee hata moja."

Nikapekua simu. Kakao. Kuku. Kisigino. Kakao tena.

"Basi mchore, wifi."

"Nimchore vipi?" Alidhani nalia msiba tu. Nilikuwa nauliza kweli.

Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni kwenye mkeka. Akasema polepole, "Alitaka umchore, mwanangu. Kukuambia mwenyewe ni mwiko, na mimi niliona aibu kukufikishia. Ndiyo maana alikuwa anakuja kusimama pale. Alisema utaelewa tu. Kila siku alivaa lile koti lake la kanisani."

Koti sikuliona. Nani avae koti na kandambili zenye waya? Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalinikuta palepale jikoni, maiti bado iko ndani.

Jeneza lilipofunguliwa watu waage, nilipanga foleni nikiwa nimeapa kumtazama. Mwiko na uvunjike, mradi niibe sura hata ya mfu, nikaichore. Zamu yangu ikafika. Nikasimama juu yake, na shingo ikainama yenyewe. Niliona ukingo wa shuka jeupe na vidole vyangu vilivyoshika ubao. Foleni ikanisukuma mbele.

Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye mkwe mwenye adabu. Mpaka leo hajamtazama."