Meli ya Angani Kwenye Makoti ya Mazishi

Msiniulize macho yangu yalikuwa wapi.

Ninachojua ni kwamba saa nane mchana, makoti ishirini na manne meusi ya wabeba jeneza yalikuwa yametundikwa ukutani kwetu, na kila moja lilikuwa na meli ya angani kifuani.

Meli ya fedha. Inatema moto mwekundu nyuma.

Mteja alikuwa ameagiza njiwa.

Mimi ni fundi wa kudarizi kwenye karakana ya dada yangu. Dada ndiye mwenye mlango, mwenye funguo na mwenye neno la mwisho. Alinichukua baada ya mimi kufukuzwa kazi sehemu tatu, zote kwa kosa moja: mdomo.

Tuko wanne. Mimi na Dada, halafu Mama Vishikizo, ambaye vidole vyake vinafanya kazi hata akiwa amesinzia. Wa nne ni Fundi Suruali. Huyo ukimpelekea nguo isiyo na miguu miwili anakuangalia kama umemtukania ukoo.

Mashine yangu ya kudarizi inaongozwa na kompyuta. Unaichagulia picha, inashona yenyewe mpaka mwisho. Kazi yako ni kutoa nguo kwenye fremu na kuweka nyingine.

Sasa jamani, mtu mnampa kompyuta na dakika saba za kusubiri kila nguo. Mnategemea afanye nini? Akae anasali?

Nikaweka gemu.

Kuna tamthilia ya angani, Msafara wa Jua la Saba, kila nyumba ilikuwa inaitazama. Basi ina gemu lake. Unaongoza kundi la meli, unateka sayari, unapigana na watu wa kweli walioko hukohuko kwao, na katikati ya vita mnaandikiana matusi. Yaani lilikuwa limetengenezwa kwa ajili yangu.

Kundi letu tukaliita Mashangazi wa Anga. Mimi nahodha, Mama Vishikizo kwenye makombora, Fundi Suruali kwenye injini. Wateja waliokuja kupunguza pindo walikuwa wanavuta kiti, wanakaa saa mbili. Karakana inajaa mpaka mlangoni. Umbea huku, vita kule. Raha iliyoje!

Adui wetu alikuwa mmoja tu. Alijiita Radi Kavu. Miezi mitano tulikuwa tunachapana naye. Siku tuliyomnyang'anya sayari yake kubwa, Mama Vishikizo alipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Radi Kavu akaandika: "Nitawazika mmoja mmoja, kwa heshima zote."

Nikamjibu: "Anza kujichimbia wewe, babu wee."

Dada alikuwa halipendi gemu hata kidogo. Akipita nyuma yangu anasonya. Siku kazi ya makoti ilipoingia, aliniita pembeni.

"Mdogo wangu, hii ni kampuni ya mazishi. Bosi wao hacheki, hakopeshi hata tabasamu. Tukimridhisha, tumepata kazi ya kudumu. Ukiniharibia, hilo likompyuta linatoka, na wewe unatoka nyuma yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dada."

"Rudia."

"Likompyuta, halafu mimi."

Wallahi nilikuwa nimeelewa.

Tatizo ni kwamba gemu lina programu yake ndogo ya kuchora nembo ya kundi. Nilikuwa nimechora yetu, meli yenye maandishi MASHANGAZI kwa chini, ili siku moja niidarizi kwenye aprini zetu. Nikaihifadhi palepale ninapohifadhi picha za kazi. Nikaipa jina "Nembo Mpya".

Njiwa wa mazishi nilikuwa nimempa jina "Nembo Mpya Kabisa".

Naona mmeshaanza kucheka.

Asubuhi ile Dada akatoka kwenda kutafuta kitambaa cha bitana. Nikachagua picha, nikabonyeza, mashine ikaanza kunguruma. Muda huohuo Radi Kavu akavamia na meli arobaini.

"Nahodha, tumevamiwa!" Fundi Suruali akapiga kelele, suruali ya watu mkononi.

Mama Vishikizo akachukua kazi ya kubadilisha makoti. Anatoa, anaweka, anatoa, anaweka, macho yote kwenye skrini yangu.

"Mpige kushoto! Kushoto mwanangu, huyo anakimbilia kushoto!"

Tulishinda. Tulikumbatiana. Kisha Mama Vishikizo akavaa miwani ili ahesabu makoti.

Akanyamaza.

Mama Vishikizo akinyamaza ujue kuna msiba.

"Mwanangu," akasema polepole, "hawa njiwa wa siku hizi wanatema moto?"

Kabla sijajibu, Dada akaingia na bitana kwapani. Na nyuma yake, mrefu, suti nyeusi, kofia mkononi, bosi wa mazishi mwenyewe. Wamekutana mlangoni.

Dada akatazama ukuta. Bitana ikadondoka.

Hakunigombeza. Alininyooshea tu kidole, halafu akakielekeza kwenye kompyuta, halafu mlangoni. Tulikuwa tumeshakubaliana utaratibu.

Nikaanza kukusanya mikasi yangu. Nirudi wapi mimi? Nikaombe kazi ya tano, niseme nini?

Bosi wa mazishi akasogelea koti la kwanza. Akainama. Akasoma maandishi kwa midomo. Akaenda la pili, la tatu.

"Mashangazi," akasema. "Nahodha wao ni nani?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Babu wee," akasema. "Miezi mitano unaniita babu wee."

Mama Vishikizo akakaa chini pasipo na kiti.

"Radi Kavu?" nikanong'ona.

"Asubuhi hii umenichomea meli arobaini," akasema yule mzee wa watu, na sauti ikamtetemeka kweli. "Nilikuwa kwenye gari la maiti nasubiri foleni. Sikiliza, binti. Kesho saa tatu nina mazishi. Haya makoti nikiyakataa, hakuna wa kunilaumu. Lakini nitayapokea yakirekebishwa, kwa sharti moja. Nirudishieni sayari yangu."

Chumba kizima kikanigeukia. Kazi yangu, mashine yangu, kiti changu, vyote kwa sayari moja ya kwenye skrini. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

"Hairudi!"

Hakuwa Mama Vishikizo. Hakuwa Fundi Suruali.

Alikuwa Dada.

"Kaka, nakuheshimu," akaendelea, amefunga kanga kiunoni. "Nitakata vipande ishirini na vinne vya kitambaa cheusi, tuvidarizi njiwa, tuvishone juu ya hizo meli. Saa kumi na mbili jioni unachukua. Lakini sayari ya migodi mitatu, yenye ngao nne, sahau! Ukiitaka, njoo uipiganie."

Nikaweka mikasi mezani.

"Dada," nikasema, "umejuaje ina ngao nne? Mimi niliweka moja."

Dada akaangalia dari. Akaangalia bitana.

"Nyie mkienda kula," akasema, "mnadhani nani anailinda?"

Fundi Suruali alicheka mpaka akajichoma sindano. Na yule bosi asiyecheka akaweka kofia mezani, akavua koti, akaomba mkasi.

"Nipeni vipande nikate," akasema. "Na mnieleze mlinipitaje upande wa kushoto."

Saa kumi na mbili kasoro tulimaliza. Kesho yake marehemu alizikwa kwa heshima zote, na chini ya kila njiwa kulikuwa na meli inayotema moto. Kazi ya mazishi tunayo mpaka leo.

Kazi yangu pia ninayo. Ila unahodha nimenyang'anywa. Dada amekalia kile kiti, ananiamrisha nikague kila koti kabla halijaingia kwenye fremu, na akimchapa Radi Kavu anasonya kwa raha.

Nilichojifunza ndicho hiki, na mkibebe: ukiona mtu anakigombeza kitu kila siku, usidhani anakichukia. Asiyekitaka angekuwa ameshakisahau.