Mshale Ulisema Ishirini

Baba yangu alifia hospitalini Bukoba, na kwetu mtu hazikwi ugenini. Ilibidi arudi Kagoma, akalale kwenye kibanja chake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Lori lilikuwa la kijiji cha ujamaa na dereva wake alikuwa mume wangu, kwa hiyo mkwe ndiye aliyembeba mkwewe.

Baba mdogo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani, alimwomba jambo moja tu: marehemu asikimbizwe. Jeneza huenda mwendo wa heshima. Anayeliharakisha huonekana amechoshwa na msiba. Mume wangu akaahidi kwamba mshale wa spidi hautavuka maili ishirini kwa saa. Sisi tukapanda nyuma pamoja na jeneza.

Lori lile lilikimbia. Tulipoipita Kemondo jeneza likaanza kuteleza, nikalikumbatia kwa mikono miwili, vumbi limenijaa mdomoni. Wazee waligonga paa la kebini. Yeye akatoa mkono dirishani kututuliza, akaendelea vilevile. Nilimchukia siku ile, sifichi.

Tuliposhuka, baba mdogo hakumpa mume wangu mkono. Hata kutupia udongo kaburini alikatazwa. Aliapa kwamba mshale ulikuwa kwenye ishirini njia nzima, lakini nani angemsikiliza?

Miaka ile tairi zilikuwa adimu kama sukari. Za saizi yetu zilikosekana, na wiki ile ya msiba kijiji kilikuwa kimelifunga lori nyuma tairi zilizopatikana, za lori kubwa zaidi. Baadaye mume wangu aligundua kwamba safari ya Bukoba hadi Kemondo sasa ilisomeka kwenye mita ya lori pungufu karibu maili mbili. Akanieleza: tairi kubwa ikizunguka mara moja humeza barabara ndefu zaidi, lakini mshale unafuata mizunguko tu, ukubwa wa tairi haujui. Ukionyesha ishirini, gari limeshavuka ishirini.

Alifurahi kama mtu aliyetolewa jela. Siku ya kuondoa tanga alibeba rubisi, pombe yetu ya ndizi, akawaeleza wazee yote hayo taratibu, akichora miduara miwili kwenye vumbi. Walimsikiliza hadi mwisho.

Baba mdogo akaweka kibuyu chini. "Mkwe wetu, kumbe ni kweli ulimkimbiza."

"Waitu, mzee wangu, sikujua."

"Sisi huko nyuma tulijua. Tukakugongea."

Mume wangu alinigeukia nimtetee. Lakini mikono yangu ndiyo iliyokuwa imemshikilia baba.