Boti ya Kuvunjwa

Watu wa mtaa walimsifu Patasi bila kujua wanasifu nini. Walipopita nyuma ya nyumba ya baba yake na kumwona amepiga magoti chini ya boti kuukuu, shati limemganda mgongoni kwa jasho, walisema huyo ndiye mtoto. Wengine wazazi wao wakizeeka wanajitia hawana habari, yeye anamfufulia mzee chombo chake. Patasi aliitikia kwa kichwa na kuendelea kukwangua rangi. Ukweli alikuwa nao moyoni. Alikuwa anaitengeneza boti ile ili siku itakapokamilika aivunje kwa shoka, mbele ya macho ya baba yake.

Jina la Patasi alipewa na mafundi wenzake kwenye karakana ya samani, alikokuwa akichonga vitanda na milango. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsemesha aligeuza kichwa kukupa sikio la kulia, maana la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni. Aliyeliua ni baba yake. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo, na hata ningeweza nisingetaka.

Huyo baba, majini, alikuwa mtu wa watu. Alivusha abiria ng'ambo na kurudi, akiwavunja mbavu kwa vichekesho, akiwabeba wazee mgongoni wasilowe viatu. Nahodha, ndivyo walivyomwita, na mpaka leo wapo watakaokwambia mtu mwema kama yule hajazaliwa tena. Nyumbani alivua wema wake mlangoni pamoja na viatu. Alipiga kwa mkanda, kwa kasia, kwa chochote kilichokuwa karibu. Mama yake Patasi alivumilia mpaka siku alipotemea jino kiganjani, akalitazama, akajifunga kitambaa kichwani na kutoka. Hakurudi hata kuchukua sufuria zake.

Boti ilikuwa ya mbao, imeungwa kwa misumari ya shaba, na msumari wa shaba unataka watu wawili. Mmoja anakaa nje, chini ya ubavu wa boti, amekandamiza kipande cha chuma kizito kwenye kichwa cha msumari. Mwingine yuko ndani, anaivalisha ncha ya msumari washa, kile kipete kidogo cha shaba, na kuigonga mpaka ilale. Hawaonani. Wa nje akilegeza mkono hata kidogo, msumari unarudi nyuma na kupinda. Patasi ndiye aliyekuwa akishika chuma, tangu hajaota hata udevu mmoja, na baba yake ndiye aliyegonga. Msumari ukipinda, alisikia miguu ikiruka kutoka kwenye boti, akajua. Siku ya sikio, Nahodha alimpiga kofi kwa mkono ambao bado ulikuwa umeshika nyundo.

Lakini hata hilo la sikio Patasi angeweza kulimeza. Alilokataa kulimeza ni la kiboti. Kwa vipande vya mbao vilivyobaki alijiundia kiboti chake, cha kumtosha yeye na mdogo wake wa kike, na misumari akaichukua kwenye kopo la baba bila kuomba. Nahodha aliona, akanyamaza. Akawa anakuja kukagua, mikono nyuma, hata rangi ya bluu iliyobaki akampa. "Maliza kwanza," alikuwa akimwambia, na mtoto wa watu akadhani anapendwa. Siku ya kukishusha majini, watoto wa majirani wamejaa, Nahodha alikuja na shoka. Alikivunja taratibu, kuanzia mbele, huku akieleza kwamba misumari ile ni yake. Kisha akamwamuru mwanawe abebe kuni zake jikoni. Mdogo wake alilia mpaka akatapika. Patasi hakulia. Aliweka moyoni.

Sasa Nahodha alikuwa amepooza upande mmoja. Alishinda kwenye kiti mlangoni pa uani, fimbo kwenye mkono uliobaki na ulimi mzima kabisa, akitoa amri. Amri kubwa ilikuwa hiyo ya boti, iliyokuwa imelala chini ya mabati tangu alipoanguka: atengenezewe, aingie majini mara moja tena kabla hajafa. Patasi alikubali haraka mno. Mtu mwenye akili angeshtuka.

Aliyemsaidia ni yule mdogo wake, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya kuongea. Chiriku ndiye aliyebaki na mzee. Alimpikia, akamwogesha, akambadilisha shuka, na malipo yake yalikuwa alama za fimbo mikononi, za kijani na za zambarau, ambazo alizifunika kwa mikono mirefu ya gauni hata jua likiwaka. Kwenye boti yeye ndiye aliyeshika chuma, Patasi akigonga ndani. Mashine ya dizeli aliifungua mwenyewe akielekezwa na fundi wa pampu, akaiosha chuma kwa chuma, akaungua kiganja, akaifunga tena ikawaka. Mabenchi ya abiria aliyapaka rangi yeye. Na alipokuwa nje ya ubao, mahali ambapo kaka yake hawezi kumwona uso, aliongea.

"Kaka, hii ikishaingia majini, mimi sirudi tena jikoni kwa baba," alisema siku moja kati ya msumari na msumari. "Nitavusha watu. Nimeshapata na chumba ng'ambo."

Patasi alilisikia hilo kwa sikio lake zima. Akasema lete mwingine, akagonga. Alichukulia kwamba ni maneno ya Chiriku, na Chiriku hajawahi kukosa maneno. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipokosea, si siku ya shoka.

Kuna siku msumari ulipinda. Chiriku alikuwa amechoka, mkono ukamteleza, na Nahodha, ambaye kiti chake kilikuwa karibu, alimpiga fimbo ya shingo hata akaanguka kifudifudi kwenye maranda. Patasi alitoka kwenye boti bila kugusa ubao. Alimkaba baba yake koo kwa mikono miwili, akamsukuma yeye na kiti chake, akamgandamiza ukutani mpaka macho ya mzee yakawa mekundu na mate yakamtoka. Mzee hakuomba. Alimtazama tu mwanawe kwa hamu, kama mtu anayesubiri sahani yake.

Chiriku alijikokota akamng'ang'ania mguu. "Mwache, kaka. Mwache, tumalize boti kwanza."

Patasi akaachia. Alidhani wanasema kitu kimoja.

Siku ikafika. Boti ilikuwa imetolewa uani, imelala juu ya magogo, pua imeelekea majini, bluu mpya inang'aa, na majirani wamekuja kusukuma. Nahodha alibebwa na kiti chake mpaka ukingoni, amevalishwa kofia yake ya zamani. Patasi aliingiza mkono chini ya turubai lililofunika zana zao, akatoa shoka alilolinoa mwenyewe karakanani.

"Baba, kile kiboti unakikumbuka?" aliuliza.

"Nakikumbuka."

Akapiga. Pigo la kwanza lilichana rangi. La pili liliingia kwenye ubao karibu na pua, na ubao ule, ambao alikuwa ameuranda mpaka ukawa laini kama kiganja cha mtoto, ukapasuka kwa mlio uliowarudisha majirani nyuma. Mmoja alijikwaa kwenye gogo akaumia goti. Patasi aling'oa shoka akapiga tena, misumari ikakatika, vipande vikamchana shavu, damu ikamshukia shingoni. Ndipo akageuka kumwangalia baba yake. Miaka yote hiyo aliisubiri sura hiyo tu, aione ikivunjika.

Haikuvunjika. Upande mmoja wa mdomo wa Nahodha, ule mzima, ulikuwa umepanda juu. Mzee alikuwa anacheka.

"Shika mpini chini zaidi," alisema. "Miaka yote nilidhani umemfuata mama yako. Kumbe ni wangu."

Shoka lilikuwa bado juu, na kwa hasira ya kuchekwa Patasi angelishusha tena, kama si Chiriku. Alikuwa amesimama upande wa pili wa pua, ile rangi ya bluu bado imemganda kwenye kucha, kibegi cha nguo zake miguuni. Hakupiga kelele. Alikuwa analitazama lile tundu, na uso wake Patasi aliufahamu vizuri sana, kwa kuwa aliwahi kuuvaa.

"Mimi nimekukosea nini?" Chiriku akamuuliza.

Hakusubiri jibu. Aliokota kile chuma chake cha kushikia misumari, akazunguka pua ya boti, akampiga nacho kwenye vidole vilivyoshika mpini. Ulisikika mvunjiko. Shoka lilianguka, na Patasi akaanguka magotini amekumbatia mkono wake. Chiriku akamwongeza pigo lingine la bega, akainua chuma kwa la tatu, kichwani. Watu walisema ashikwe, lakini hakuna aliyesogea. Nahodha alikuwa anagonga fimbo chini, tap, tap, tap, akimhimiza.

Fimbo hiyo ndiyo iliyomzindua Chiriku. Alishusha mkono. Akaenda kwenye kiti cha baba yake, akaipokonya ile fimbo, akaivunja kwenye goti, kisha akakigeuza kiti pamoja na mwenyewe mpaka kikatazama ukuta wa banda la nyavu. Mzee alitukana ukuta.

Chiriku akakata ubao uliopasuka mpaka penye uzima, akapima kipande kipya, akakikata kwa msumeno, akakipaka lami na kukibana mahali pake. Hakuongea hata neno moja, na kwa wanaomjua hilo lilitisha kuliko chuma. Alipomaliza alichukua nyundo na washa, akapanda ndani ya boti.

"Leo utashika wewe," alisema.

Patasi alijisogeza chini ya ubavu. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba, vidole viwili vimeangalia kwingine, kwa hiyo alikishika chuma kwa kushoto na kukikandamiza kwa bega, lile bega lililopigwa. Alikuwa amesahau jinsi inavyokuwa upande huu. Pigo la nyundo lilipita kwenye msumari, likapita kwenye chuma, likaingia mfupani na kukaa humo, na kabla halijatulia likaja jingine. Machozi yalimtoka, yale aliyoyaweka tangu kiboti na haya mapya, yote pamoja.

Chiriku aligonga kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji. Patasi alijua, na hakulegeza mkono. Alilaza sikio lake zima kwenye ubao ili alisikie kila pigo kabla halijafika, na misumari yote ikaingia bila kupinda. Jua lilipoanza kushuka majirani waliisukuma boti, Chiriku akawasha mashine mara moja tu ikaitika, akaondoka na kibegi chake. Hakumwita kaka yake apande.